Ukaliaji wa kijeshi: unaanza lini, unakwisha vipi

Uvamizi na ukaliaji ni vitu viwili. Uvamizi ni kuvuka mpaka kwa silaha, na huweza kumalizika kwa siku mbili. Ukaliaji huanza pale jeshi la kigeni linapobaki na kuanza kuamua nani apite, nani atoze kodi, nani awe gavana. Kanuni za The Hague za 1907, kifungu cha 42, zinasema eneo huhesabiwa limekaliwa likiwa chini ya mamlaka ya jeshi la adui kwa vitendo. Hapo pa "kwa vitendo" ndipo penye uzito. Anayekalia hahitaji kutangaza wala kukiri.

Mfano wa karibu ni Ituri, mashariki mwa Kongo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wameenea mbali zaidi ya Ituri, lakini mahakama iliona ushahidi wa ukaliaji ndani ya Ituri tu. Kwa nini? Kwa sababu Juni 1999 kamanda wao aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kumteua gavana wake. Mbele ya majaji, barua ya uteuzi ilisema mengi kuliko vifaru. Na ukishaitwa mkaliaji, mzigo unaongezeka: Uganda ilikutwa na hatia si kwa vitendo vya askari wake pekee, bali pia kwa kutowalinda wakazi wa Ituri dhidi ya makundi mengine yenye silaha.

Mkaliaji anatakiwa kudumisha usalama, kuheshimu sheria alizozikuta isipokuwa pasipo budi, na kuhakikisha chakula na dawa vinapatikana. Haruhusiwi kuhamishia raia wake katika ardhi hiyo. Hayo yamo katika Kanuni za The Hague na Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949.

Kumaliza ukaliaji ndiko kugumu, maana mambo matatu lazima yaondoke: askari, mamlaka yao, na sheria na vyombo walivyoviacha. Likibaki moja, watu wa pale hawaoni mabadiliko. Iraq ilikabidhiwa madaraka 28 Juni 2004 na Marekani ikasema ukaliaji umekwisha, ilhali askari wake zaidi ya laki moja walikuwa bado nchini, na amri iliyowakinga wao na walinzi wa kampuni binafsi dhidi ya mahakama za Iraq iliendelea kutumika.

Kesi inayofundisha zaidi ni Namibia. Umoja wa Mataifa ulifuta dhamana ya Afrika Kusini ya kuitawala nchi hiyo mwaka 1966. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ikasema Afrika Kusini imo humo kinyume cha sheria na iondoke. Haikuondoka. Azimio 435 la Baraza la Usalama, lenye mpango wa kuondoka na uchaguzi, lilipitishwa 1978 na likakaa miaka kumi bila kutekelezwa, kwa kuwa Pretoria na Washington zilitaka kwanza wanajeshi wa Cuba watoke Angola. Njia ilifunguka kwa makubaliano ya New York ya 22 Desemba 1988 kati ya Angola, Cuba na Afrika Kusini.

Ratiba yake iliandikwa kwa tarakimu, na hilo ndilo liliiokoa. Kuanzia 1 Aprili 1989, wanajeshi wa Afrika Kusini walitakiwa kupungua hadi 12,000 ndani ya wiki sita, 8,000 ndani ya wiki tisa, na 1,500 ndani ya wiki kumi na mbili. Hao wa mwisho wakae katika kambi za Grootfontein na Oshivelo tu, kisha waondoke matokeo ya uchaguzi yakishathibitishwa. Sheria za ubaguzi zifutwe, wafungwa wa kisiasa waachiwe, wakimbizi warudi. Walirudi zaidi ya 40,000.

Hata hivyo siku ya kwanza kabisa iliingia damu. Wanachama wa Baraza la Usalama walikuwa wamebishania gharama, wakapunguza walinda amani kutoka 7,500 hadi 4,650, na bajeti ikapitishwa mwezi mmoja tu kabla ya kuanza. Tarehe 1 Aprili, batalioni za Kenya, Finland na Malaysia zilikuwa hazijawa mahali pake. Wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, waliingia kaskazini; majeshi ya Afrika Kusini yakaruhusiwa kutoka kambini; zaidi ya wapiganaji 300 wakauawa katika siku chache. Mpango mzuri uliwekewa tarehe ambayo watekelezaji wake hawakuwa tayari kuifikia.

Kosa la pili lilikuwa la polisi. Koevoet, kikosi kilichotisha vijiji vya kaskazini, kilikuwa kimevunjwa kwa jina, lakini askari wake waliingizwa katika polisi wa kawaida na kuendelea kuzunguka katika magari yale yale ya kivita ya Casspir. Mwanakijiji anayeliona gari lile hawezi kuambiwa ukaliaji umekwisha. Umoja wa Mataifa ulipanga wasimamizi wa polisi 360. Walifika 1,500 kabla mambo hayajatulia. Uchaguzi wa Novemba ulifanyika, waliopiga kura wakawa zaidi ya asilimia 95, na Namibia ikawa huru 21 Machi 1990.

Je, nchi iliyokalia nyingine hurudishaje heshima yake? Kuondoka tu hakutoshi. Lazima irudishe ilichobaki nacho. Afrika Kusini ilibaki na bandari ya Walvis Bay, ikaikabidhi 1 Machi 1994, na baadaye, chini ya Mandela, ikafuta madeni yaliyorithiwa na Namibia. Bila hayo, sauti yake kuhusu haki barani ingekuwa na mashimo.

Kwa Uganda hesabu ilikuja kwa njia ya mahakama. Tarehe 9 Februari 2022 iliamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, katika awamu tano za mwaka za milioni 65. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Mfuko wa kugawa fedha hizo kwa waathirika ukawekwa Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana humo kwa siku sita. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikuwa imetupwa mwaka 2006 kwa kukosa mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo anayelipa ni mmoja.