Uwiano wa gia katika rili ya kuvulia kina kirefu

Rili ni kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, na mshipi huviringwa kwenye bobini yake, yaani kigurudumu cha ndani. Uwiano wa gia ni idadi ya mizunguko ambayo bobini hiyo inafanya kila unapozungusha mkono wa rili mara moja. Rili ya 6:1 inazungusha bobini mara 6, na ya 2.5:1 inazungusha mara 2 na nusu. Kwa anayetupa chambo karibu na ufuo tofauti hiyo ni suala la mwendo tu. Kwa anayeshusha chubwi la risasi kwenye mwamba ulio mita 200 chini, namba hiyo ndiyo inayoamua kama chewa atapanda au mkono wa rili utakataa kuzunguka.

Dukani watu huuliza kwanza breki inashika kilo ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, ila breki huzuia mshipi usitoke, haipandishi samaki. Anayempandisha ni mvuvi, na nguvu anayohitaji hupatikana kwa hesabu hii: chukua kilo zinazovuta mshipi, zidisha kwa nusukipenyo ya bobini, zidisha kwa uwiano wa gia, kisha gawa kwa urefu wa mkono wa rili. Tuseme mshipi unavutwa kwa kilo 10, nusukipenyo ya bobini ni milimita 30 na mkono una milimita 80. Kwa rili ya 6:1 utasukuma kwa kilo 22.5, bila kuhesabu msuguano. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa muda. Kwa rili ya 2.5:1 ni kilo 9.4 hivi. Ukibadilisha mkono ukaweka wa milimita 110, rili hiyo ya 2.5:1 itakudai chini kidogo ya kilo 7.

Upande wa pili wa hesabu ni mwendo. Bobini hiyo ikiwa imejaa, rili ya 6:1 hukusanya sentimita 113 kwa mzunguko mmoja, na ya 2.5:1 hukusanya 47 tu. Kupandisha ndoana tupu kutoka mita 200 kwa rili ya pili ni zaidi ya mizunguko 400, na kwenye uvuvi wa kina ndoana hupanda tupu mara nyingi kwa sababu samaki wadogo hudona chambo mpaka kikaisha. Ndiyo maana rili ya gia mbili inastahili bei yake kwenye kazi hii: gia ya kasi kwa kukusanya mshipi mtupu, gia ya nguvu samaki anaponasa. Kwenye rili nyingi za aina hiyo kitufe cha kubadilishia kiko pale mkono unapoungana na rili, na unakibonyeza tu.

Kipimo kingine husahaulika kabisa, nacho ni kwamba vipimo vya dukani ni vya bobini iliyojaa, wakati samaki wa kina hunasa bobini ikiwa imepungua. Mshipi wa mita 200 ukishatoka kwenye bobini nyembamba, nusukipenyo inaweza kushuka kutoka milimita 30 hadi 24. Hapo mambo matatu hubadilika kwa pamoja. Kwanza, kila mzunguko unakusanya sentimita 38 badala ya 47. Pili, kazi ya mkono inapungua kwa moja ya tano, na hiyo ni faida. Tatu, breki uliyoipima kilo 8 juu ya boti sasa inashika kilo 10, bila wewe kugusa chochote. Mshipi ukikatika chini wakati breki "ilikuwa sawa", anza kukagua hapo. Bobini pana hupungua kipenyo polepole zaidi, na kwa sababu hiyo peke yake ni bora kwa kina kuliko bobini nyembamba yenye ujazo uleule.

Breki basi ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, ukivuta mshipi moja kwa moja kutoka kwenye rili. Robo ya nguvu ya mshipi ni mahali pazuri pa kuanzia: mshipi wa kilo 32, breki kilo 8. Kwa chewa na kungu, mita chache za kwanza ndizo vita yote, kwa kuwa samaki anakimbilia pangoni. Akishaondolewa kwenye mwamba, kupungua kwa shinikizo la maji kunavimbisha kibofu chake cha hewa, na mara nyingi hachezi tena njia nzima. Rili ya kina inahitaji nguvu mwanzoni na uvumilivu baadaye. Kolekole ni tofauti, maana yeye hupigana mpaka juu.

Mshipi uwe wa kusukwa. Nailoni huvutika sana, na kwenye mita 200 hutasikia samaki akidona wala ndoana haitaingia vizuri ukivuta. Wa kusukwa ni mwembamba kwa nguvu ileile, kwa hiyo mkondo unaukamata kidogo na chubwi jepesi zaidi linatosha. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, ambako mkondo wa bahari huelekea kaskazini na kuongeza kasi msimu wa kusi, jambo hili linaonekana wazi: chubwi la nusu kilo lililofika chini wakati wa kaskazi linaweza kuhitaji kuwa la kilo nzima au zaidi. Anza na mita chache za nailoni kwenye bobini, kwa sababu mshipi wa kusukwa ukifungwa juu ya chuma kitupu huteleza wote kwa pamoja, na mvuvi hudhani breki imekufa. Kisha uviringe wa kusukwa ukiwa umekazwa kwa kilo 2 au 3. Ukiviringwa ukiwa legelege, samaki mkubwa anauzamisha katikati ya mizunguko ya chini, unabanwa, unakatika.

Rili yenyewe iwe ya bobini inayozunguka, fremu ya alumini ya kipande kimoja, isiyo na kifaa cha kupanga mshipi, kwa sababu kifaa hicho ndicho cha kwanza kuvunjika chini ya mzigo. Utaupanga kwa kidole gumba. Usipoupanga utajaa upande mmoja mpaka ukasugua fremu.

Ukitaka kuboresha rili ya zamani, Penn Senator, rili ya kampuni ya Kimarekani ya Penn, ni mfano mzuri. Imekuwepo tangu 1936, imejengwa kwa urahisi wa kufunguka, na vipuri vyake vya kubadilisha vimetengenezwa na watu wengi. Kazi huanza kwenye breki. Ndani ya gia kubwa kuna washa (visahani vyenye tundu katikati) za chuma na za msuguano zinazopishana. Badilisha za msuguano uweke za nyuzi za kaboni, kila moja ikipakwa grisi ya breki za rili, nyembamba kiasi cha kung'aa tu, halafu ifutwe. Grisi ya kawaida ya gari haifai: ikipata joto hulainika, na breki huanza kushika na kuachia kwa kurukaruka. Zipange kwa mfuatano uliozikuta. Washa za chuma zenye masikio hushikana na gia, zenye tundu lililokatwa bapa hushikana na ekseli. Ukizichanganya, breki haitashika.

Kisha mkono mrefu wenye kishikio kinene. Hapa inabidi kuwa mwangalifu. Breki yenye nguvu na mkono mrefu vinapeleka mzigo kwenye sehemu ambazo mtengenezaji hakuziandaa kwa kazi hiyo. Fremu ya plastiki itapinda, gia zitakutana kwa ncha za meno na kuyachonga. Kidole kinachozuia mkono usirudi nyuma kitavunjika, na mkono ukigeuka ghafla unaweza kuvunja vidole vya mtu. Kama unaongeza breki kwa zaidi ya theluthi ya kiwango cha kiwandani, weka kwanza gia na ekseli za chuma cha pua na fremu ya alumini. Kama hivyo havipatikani, acha breki ilivyo uridhike na mkono mrefu.

Beringi za bobini zijaze grisi ya baharini badala ya matone ya mafuta. Bobini itazunguka kwa uzito kidogo, lakini kwa chubwi la nusu kilo hutahisi tofauti, na maji ya chumvi hayatapata nafasi ya kuingia. Skrubu za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini nazo zipakwe grisi, la sivyo chumvi inazigandisha na siku ya kufungua zitakatika vichwa.

Ukirudi pwani, kaza breki kidogo ili maji yasiingie kwenye washa, suuza kwa maji baridi ya kumwagika taratibu, kausha, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuhifadhi. Maji ya mpira yenye nguvu yanasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.