Kutoka Mkonge hadi Plastiki: Historia Iliyo Nyuma ya Taka za Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Taka zinazookotwa katika fukwe za Mtwara na Lindi, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, si chupa za maji peke yake. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mtu anayepita ufukweni hukuta vipande vya kamba za plastiki ziitwazo manila, vya bluu na vya kijani, mabaki ya nyavu, maboya yaliyopasuka, ndara zisizo na wenzake, na chembe za plastiki zilizopoteza umbo na kuchanganyika na mchanga. Katika mikutano ya elimu kwa umma swali linaloulizwa kwanza ni nani aliyetupa, na jibu linalotolewa upesi ni mvuvi, au mama anayekaanga samaki mnadani, au vijana wanaocheza mpira pwani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni dogo mno kwa tatizo lenyewe. Uchafu tunaouona leo ni mwisho wa njia ndefu ya biashara na viwanda iliyofunguliwa enzi za ukoloni, na mtetezi wa bahari asiyeifahamu njia hiyo hubaki akigombana na jirani yake, ilhali wale waliotengeneza vitu hivyo na kufaidika navyo hawaulizwi neno.

Kwa karne nyingi vyombo vya mwambao huu, madau, mashua na majahazi, vilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, dema, yaani mitego ya samaki, zilisukwa kwa fito, na nyavu zilifumwa kwa nyuzi za pamba au za miti. Vitu hivyo vilipotea baharini kama vinavyopotea vya leo. Si kwamba wazee wetu walikuwa wasafi kuliko sisi. Vitu vyao vilikuwa vinaoza. Kamba iliyokatika ikazama ilikuwa chakula cha viumbe wadogo baada ya muda, na hakuna aliyehitaji sheria ya kuiondoa. Ni vizuri tukumbuke jambo hili kila tunaposikia ikisemwa kwamba watu wa pwani hawana utamaduni wa usafi, kwa sababu desturi ya kutupa iliwahi kuwa haina madhara makubwa, na kilichobadilika zaidi ni kitu kinachotupwa.

Mabadiliko hayo yalianza kwa mazao. Katika karne ya 19, Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje zilisafirisha pembe za ndovu na sandarusi, na zaidi ya yote watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Wajerumani walipoikalia pwani ya Kusini mwaka 1890 na kujenga maboma yao, walitaka nchi itoe malighafi kwa viwanda vya Ulaya. Kulimisha pamba kwa lazima kulikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Lakini zao lililodumu, na ambalo historia yake inatuhusu zaidi tunapozungumzia bahari, ni mkonge.

Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kijerumani. Miche yake ilitoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na inaelezwa kwamba ni 62 tu kati ya 1,000 iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutoka katika miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa, mengi yakiwa Tanga na kando ya reli ya kati, na mengine huku kwetu karibu na Lindi, kama Kikwetu na Kitunda. Nyuzi za mkonge zilikwenda kuwa kamba za meli na kamba za kufungia nyasi na ngano katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942 na nchi za Magharibi zikakosa nyuzi za kutengenezea kamba zilizotoka huko, Waingereza waliigeukia Tanganyika, na watu wakalazimishwa kwa sheria za vita kwenda kukata mkonge.

Hapo ndipo uchafuzi wa kiviwanda wa maji ya pwani yetu ulipoanza kuonekana, ingawa haukuitwa hivyo wakati huo. Jani la mkonge likipita katika korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, nyuzi zinazobaki ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Sehemu nyingine yote ni maji na makapi, na kawaida ya viwanda ilikuwa kuyasukuma kwa maji hadi kwenye kijito kilicho karibu. Makapi hayo yanapooza hunyonya hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi, na maji yakageuka rangi na harufu. Faida ya uzi ilikwenda nje, na gharama ya makapi ikabaki kwa mtu anayechota maji chini ya kiwanda. Mgawanyo huo wa faida na hasara ndio ninaouita urithi wa kikoloni katika mazingira, nao haukuondoka pamoja na bendera.

Mwaka 1954 mwanakemia Giulio Natta na wenzake huko Milano, Italia, walitengeneza polipropilini, plastiki nyepesi inayotokana na mafuta ya petroli na gesi. Miaka michache baadaye ilianza kuzalishwa kwa wingi viwandani, na punde ikawa kamba. Ilikuwa rahisi, haikunyonya maji, haikuoza na ilielea. Tanzania ilifikia kilele cha uzalishaji wa mkonge mwaka 1964, takriban tani 230,000, ikiongoza duniani, kisha bei ikaporomoka kwa sababu wanunuzi wa kamba walihamia kwenye plastiki. Ziliongezeka sababu nyingine za ndani, za usimamizi na za sera, lakini soko lenyewe lilikuwa limekimbia. Miaka ya 1980 ilipokwisha, uzalishaji wa nchi nzima kwa mwaka haukufika tani 40,000, na mashamba mengi ya Lindi yalikuwa yamerudi kuwa pori.

Fikirini maana yake kwa pwani hii. Tulitoa ardhi na jasho kwa ajili ya kamba inayooza; viwanda vya mbali vikabuni kamba isiyooza, vikaliangusha zao letu, na sasa kamba hiyo hiyo inarudi kwetu ikiwa taka, ikitua katika fukwe zilizo chini ya mashamba yaliyokufa. Sisemi kwamba mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Hata mvuvi wetu alipata nafuu ya kweli: nyavu za pamba zilihitaji kuanikwa kila mara zisioze, na za nailoni zilimpunguzia kazi na gharama. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuijaza dunia vitu visivyooza haukufanyika Mikindani wala Kilwa Masoko, na aliyeuza hakuwahi kudaiwa gharama ya mwisho wa kitu alichouza.

Mwaka 1950 dunia nzima ilizalisha takriban tani milioni 2 za plastiki. Mwaka 2019 ilizalisha karibu tani milioni 460, na katika taka za plastiki zinazopatikana ni asilimia 9 hivi tu inayorejelezwa. Polipropilini ikikaa juani hukauka, hupasuka na kuwa chembe ndogo zisizookoteka, ambazo samaki na chaza huzimeza pamoja na chakula.

Jiografia nayo imetuweka mahali pagumu. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unaivuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita kaskazini mwa Madagaska, na kuigonga Afrika katika eneo la mpaka wa Tanzania na Msumbiji, jirani kabisa na maingilio ya Mto Ruvuma. Hapo unagawanyika: tawi moja huelekea kusini, na jingine hupanda kaskazini kando ya Mtwara, Lindi, Mafia na Unguja. Kwa hiyo sisi ni miongoni mwa watu wa kwanza barani kupokea kinachoelea kutoka ng'ambo. Ndege ya Malaysia iliyopotea mwezi Machi 2014, ambayo inaaminika iliangukia kusini mashariki mwa Bahari ya Hindi, kipande cha bawa lake kilipatikana kisiwani Pemba, Tanzania, mwezi Juni 2016. Bahari iliyoweza kulibeba bawa kwa umbali huo haishindwi kubeba kamba. Katika kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, ambacho hakina wakazi isipokuwa wachache wa kituo cha utafiti, usafi uliofanyika mwaka 2019 uliondoa takriban tani 25 za taka, na sehemu kubwa kwa uzito ilikuwa vifaa vya uvuvi. Hakuna kijiji cha kulaumiwa hapo.

Inafaa pia kutazama miundombinu. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa sababu ya Mpango wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta na mabuldoza yaling'oa misitu Nachingwea, reli ikatandikwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Bandari hiyo imetufaa sana, na korosho zetu zimepita hapo, lakini ilibuniwa ili kitu kitoke, bila mtu kufikiria meli itaacha wapi taka zake. Leo inapitisha makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na upo mpango wa bandari ya Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo yenye vumbi kama hiyo. Kila mradi wa namna hii unapofika, swali la taka halina budi kuulizwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Nimetaja historia kwa kirefu, na ni lazima niseme wazi kwamba haimwondolei mtu wajibu wake. Bomu linalolipuliwa juu ya matumbawe huua mazalia ya samaki kwa miaka mingi, hata kama baruti yenyewe ilikuja na machimbo na ujenzi wa barabara; anayelipua anajua anachofanya, na uvuvi huo umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1970. Wavu uliochakaa ukiachwa baharini huendelea kuvua bila mwenyewe, ukinasa kasa na samaki ambao hakuna atakayewala. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina mikoko, matumbawe na mazalia ya kasa ambayo wananchi wa vijiji vyake ndio walinzi wa kwanza. Nataka tu walinzi hao wawe na madai yanayolingana na ukubwa wa kosa, na kwamba madai hayo yaelekezwe panapostahili.

Sheria zipo za kusimamia madai hayo. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, kupitia kiambatisho chake cha tano kilichoanza kutumika tarehe 31 Desemba 1988, unakataza kabisa kutupa plastiki baharini, zikiwamo kamba na nyavu, na unataka bandari ziwe na mahali pa kupokea taka za meli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kufungua shauri haki hiyo inapovunjwa. Mwezi Machi 2022, jijini Nairobi, mataifa yaliazimia kutunga mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwaka 2024 na ya Geneva mwezi Agosti 2025 yakamalizika bila makubaliano, kikwazo kikubwa kikiwa ni iwapo mkataba upunguze uzalishaji wenyewe au ushughulikie taka tu. Kwa mtu wa Kusini jibu linapaswa kuwa wazi. Mifuko ya plastiki haikupungua masokoni kwa sababu tulihubiriwa usafi. Ilipungua kwa sababu kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ilizuiwa kutengenezwa, kuingizwa na kuuzwa.

Kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi na kamati za mazingira za vijiji, kazi ya kuanza nayo ni kubadili namna tunavyofanya usafi wa fukwe. Tukikusanya, tukapiga picha na kuchoma, tunaharibu ushahidi, na moshi wenyewe ni sumu. Taka zitenganishwe na kupimwa kwa mizani ile ile ya samaki: kamba peke yake, nyavu peke yake, chupa peke yake. Lebo zinazosomeka ziandikwe, pamoja na lugha na nchi, na tarehe iandikwe kwa kutaja kama ni msimu wa kusi au wa kaskazi, kwa sababu upepo hubadili kinacholetwa. Kusanyo la misimu miwili au mitatu katika daftari la kijiji litaonyesha kiasi gani kinatoka mtaani kwetu, na kiasi gani kinatoka katika meli za uvuvi na nchi za ng'ambo. Sehemu iliyo yetu tuishughulikie kwa mapipa, kwa utaratibu wa kurudisha nyavu kuukuu kwa wauzaji, na kwa faini inapobidi. Sehemu isiyo yetu ipelekwe halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ikiwa na takwimu zake, ili wawakilishi wa nchi waende nayo kwenye mazungumzo ya mkataba.

Daftari hilo litahitajika pia hapa nyumbani. Mradi wa kuchakata gesi asilia unaokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, utaleta meli nyingi zaidi katika maji haya, na sheria inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari kwa mazingira. Kijiji kitakachokwenda kwenye kikao hicho kikiwa na rekodi ya hali ya ufuko wake kabla ya mradi ndicho kitakachoweza kudai, miaka kumi baadaye, kwamba kilichoongezeka kilipwe na aliyekiongeza.