Mawimbi ya redio sio sauti jamani

Hii naiona sana kwa wanafunzi wa fomu foo, wakiulizwa mawimbi ya redio yako kundi gani wanayaweka na sauti, eti kwa sababu redio inaongea. Hapana! Mawimbi ya redio ni ndugu wa damu wa mwanga, yako kwenye spektra (familia ya mawimbi) moja na mikrowevu, infraredi, mwanga tunaouona, eksirei na gama, yote yanaenda kilomita kama 300,000 kwa sekunde kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa wala kitu chochote), yanachotofautiana ni urefu wa wimbi na frikwensi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) basi.

Sauti hewani inaenda mita kama 340 tu kwa sekunde, na ombweni haipiti kabisa. Sasa Dar mpaka Dodoma ni karibu kilomita 400 kwa mstari mnyoofu, kama kilichotumwa kingekuwa sauti ungesubiri dakika kama 20 ndo usikie taarifa ya habari, wakati mawimbi ya redio yanafika chini ya sekunde moja.

Kinachofanyika ni hivi, maiki inageuza sauti kuwa umeme, umeme unabadilisha wimbi linalorushwa na mnara (kwenye FM inayobadilishwa ni frikwensi), redio yako inalidaka na kurudisha ule umeme, alafu spika ndo inatikisa hewa. Sauti inazaliwa upya hapo kwenye spika.