Ada ya Taka Ihesabiwe Kama Bei ya Maji: Mipango ya Urejelezaji katika Jiji la Dodoma

Kaya iliyounganishwa na mtandao wa maji jijini Dodoma hupokea ankara inayoonyesha uniti ilizotumia, bei ya kila uniti na jumla ya deni la mwezi. Kaya hiyohiyo hulipa ada ya taka, ambayo kwa kawaida ni kiwango kimoja kwa kila nyumba ya makazi, iwe na watu wawili au kumi na wawili, iwe inatoa ndoo moja ya maganda kwa wiki au viroba vitano vilivyochanganywa kila kitu. Malipo yote mawili ni ya huduma ya umma na yote mawili yana msingi wa kisheria, lakini namna yanavyopangwa ni tofauti kabisa. Makala hii inaeleza tofauti hiyo kwa undani, kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo urejelezaji wa taka, yaani kuzigeuza kuwa kitu cha kutumika tena, unapokwama. Tumezungumza sana kuhusu mapipa ya rangi na siku za usafi, lakini hatujazungumza vya kutosha kuhusu hesabu.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na wakazi 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ililikuta Jiji la Dodoma likiwa na wakazi 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamishia shughuli zake hapa, mji ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na makazi yakasambaa kuelekea Iyumbu, Nala, Ihumwa, Nzuguni na Mtumba. Kusambaa huko kuna gharama yake. Jiji lina kata 41, na nyingi kati ya hizo zina nyumba zilizoachana kwa viwanja vikubwa ambavyo bado havijajengwa, hivyo gari la taka hutumia mafuta mengi kukusanya mzigo mdogo kabla hata halijashika njia ya kwenda dampo la Chidaya, nje ya mji. Dampo hilo lilijengwa kupitia mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati uliotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ni mali ya thamani kubwa. Kila tani ya maganda ya ndizi na mabua ya mahindi inayozikwa pale inapunguza umri wake, na kupata eneo jingine kama lile, pamoja na fedha za kulijenga, si jambo la mwaka mmoja.

Bei ya maji hupangwa hivi. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, yaani DUWASA, haiwezi kuamka asubuhi ikatangaza bei mpya. Inaandaa maombi yanayoonyesha gharama zake: umeme wa kusukuma maji kutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, dawa za kutibu maji, matengenezo ya mabomba, mishahara, marejesho ya mikopo na kiasi cha maji kinachopotea njiani. Maombi hayo hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ambayo huyachambua na kuitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wadau. Katika mkutano huo wananchi, wafanyabiashara na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji huhoji hesabu hizo mbele ya walioziandaa. Bei inayoidhinishwa hutofautisha makundi: wateja wa majumbani, taasisi, biashara, viwanda na magati ya kuchotea maji. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20, na kwa kipimo hicho mtu yeyote anaweza kujua kama anauziwa maji kwa bei halali.

Ada ya taka hupitia njia nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu, na inazitaka zipange utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Uwezo wa kutoza ada unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na viwango huwekwa katika sheria ndogo zinazojadiliwa na Baraza la Madiwani, kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana na serikali za mitaa, kisha kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Utaratibu huu ni halali na una uwakilishi ndani yake. Kinachokosekana ni mdhibiti anayedai kuona gharama zikiwa zimepangwa mstari kwa mstari. Ndiyo maana ni rahisi kwa halmashauri yoyote nchini kuchukua kiwango cha miaka iliyopita, kukiongeza kidogo, kukilinganisha na cha halmashauri jirani, na kukipeleka kwenye kikao.

Mfano wa kubuni utaonyesha kinachopotea kwa kukosa hesabu. Tuchukulie kata yenye kaya 4,000, kila kaya ikitoa kilo mbili na nusu za taka kwa siku. Hizo ni tani 10 kila siku, na kwa gari la tani tano ni safari mbili, au safari 60 kwa mwezi. Tuseme safari moja, pamoja na mafuta, vibarua, matairi na akiba ya matengenezo, inagharimu shilingi 100,000. Gharama ya mwezi ni shilingi 6,000,000, ambazo zikigawanywa kwa kaya zote ni shilingi 1,500 kwa kila moja. Lakini kama kaya 60 katika kila 100 ndizo zinazolipa, basi gharama halisi inawaangukia walipaji 2,400, na kila mmoja anapaswa kutoa shilingi 2,500. Halmashauri isipopandisha ada, gari litapunguza safari. Ikiipandisha, wanaolipa kwa uaminifu watakuwa wanawabebea wasiolipa.

Sasa tuchukulie kwamba nusu ya mzigo huo, ambayo ni taka zinazooza, inabaki ndani ya kata na kugeuzwa mboji. Safari zinashuka hadi 30 na gharama ya usafirishaji inakuwa shilingi 3,000,000. Tukiongeza shilingi 1,200,000 za kuendesha eneo la mboji, jumla ni shilingi 4,200,000, sawa na shilingi 1,050 kwa kaya ikiwa zote zinalipa. Urejelezaji katika mfano huu umelipa hata kabla ya kuuza mfuko mmoja wa mboji. Faida yake ya kwanza ni safari ambayo gari halikwenda. Hili ndilo jambo ambalo wapangaji wengi huliruka: wanakadiria mapato ya kuuza chupa na mboji, mapato yasipofikia makadirio wanauita mradi umeshindwa, ilhali hakuna aliyeandika popote lita za dizeli zilizookolewa.

Nusu niliyoitaja haikuchaguliwa kwa bahati. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani na masokoni ni mabaki ya chakula, maganda, majani na mboga zilizoharibika, na ndiyo sehemu inayonuka, inayovuta nzi na inayochuruzisha maji machafu kwenye ghuba la kukusanyia taka lililochelewa kuzolewa. Soko la Majengo na Soko la Job Ndugai ndipo pa kuanzia. Taka za soko hutoka sehemu moja, kwa wingi, kila siku, na ni za aina chache, kwa hiyo kuzitenganisha hakuhitaji kubadili tabia za maelfu ya kaya. Kunahitaji makubaliano na uongozi wa soko, mapipa mawili katika kila safu ya meza na mtu anayelipwa kuyasimamia. Wafugaji wa mbuzi na nguruwe wa pembezoni mwa mji wameshaona thamani hiyo na huchukua mabaki ya mboga bila kusubiri mpango wa mtu. Mpango mzuri utawatambua watu hao na kuwapa saa na mahali pa kuchukulia, wala hautawafukuza.

Mboji nayo ina soko hapa kuliko ilivyo katika miji mingi ya pwani. Ardhi ya Dodoma ina mchanga mwingi na mbolea asili kidogo, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka hauzidi sana milimita 550. Udongo wenye mboji hushika unyevu kwa muda mrefu zaidi, jambo ambalo mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi analielewa vizuri, kwa kuwa tayari ananunua samadi kwa lori. Lakini hali hiyohiyo ya ukame inaleta ugumu: rundo la mboji lisipomwagiwa maji hukauka na kuacha kuoza. Eneo la mboji lazima liwe na kivuli na maji, na maji hayo yana ankara. Ni haki kwa halmashauri kuuliza mapema ni kundi gani la bei ya maji litakalotumika kwa maeneo hayo, kwa sababu jibu linaweza kubadili hesabu nzima. Ni muhimu pia kwamba chupa zilizovunjika, betri na taka za zahanati zisiingie humo, maana mkulima akiokota vioo shambani mara moja hatarudi tena kununua.

Kuhusu chupa za plastiki, maboksi na vyuma chakavu nitasema machache, kwa kuwa mfumo wake tayari upo. Wanunuzi wa skrepa wana mizani, waokotaji wana njia zao, na bei hupanda na kushuka kufuata mahitaji ya viwanda. Wajibu wa Jiji ni kutenga maeneo halali ya kukusanyia, kuwasajili waokotaji, kuhakikisha wana glavu na viatu, na kutowatoza ushuru unaomaliza faida yao ndogo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri; guta moja na mashine ndogo ya kugandamiza chupa ni matumizi mazuri ya mkopo wa namna hiyo. Kinachobaki bila mnunuzi ni mifuko laini na vifungashio vyembamba. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilipunguza sana mzigo huo, lakini vifungashio vinavyoendelea kutumika hupeperushwa na upepo wa kiangazi hadi kwenye makorongo, na mvua za kwanza huvikuta vimeziba makalavati. Kwa jiji linalotegemea maji yaliyo chini ya ardhi, kutupa taka korongoni ni hatari inayozidi kuharibu mandhari tu.

Swali gumu ni jinsi ya kukusanya ada. Wapo wanaoshauri iunganishwe na ankara ya maji. Ushauri huo una nguvu, kwa kuwa mteja wa maji anajulikana, lakini kaya zinazochota maji kwenye magati hazina ankara, na nyumba moja yenye mita moja inaweza kuwa na wapangaji sita. Wengine hutaja kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hulipwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Uzoefu wake unafundisha: ukusanyaji ulirahisishwa, lakini mpangaji anayenunua umeme alijikuta akilipa kodi ya mwenye nyumba na kulazimika kuidai. Aidha, fedha inayokatwa kimyakimya ndani ya malipo mengine haimpi mkazi nguvu ya kuuliza gari liko wapi. Ningependelea ada ibaki na ankara yake, yenye namba ya malipo ya Serikali kwa kila kaya, jina la mtaa na siku ya gari kupita, na taarifa ya makusanyo ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa kila mwezi.

Wengine huuliza kwa nini tusitoze kwa uzito au kwa mfuko, kama Korea Kusini ilivyofanya tangu mwaka 1995, ambapo wakazi hununua mifuko maalumu na aliyetupa kidogo hulipa kidogo. Mfumo huo unafaa palipo na ulinzi mkubwa dhidi ya utupaji haramu. Kwetu, kaya yenye kipato kidogo ikitozwa kwa kila kiroba, korongo lililo nyuma ya nyumba litakuwa jibu rahisi. Njia ya kati inawezekana: kiwango cha chini kwa kaya zote, taka zilizotenganishwa zichukuliwe bila nyongeza, na malipo kwa ujazo yaanze kwa hoteli, kumbi za sherehe, shule za bweni, taasisi na ofisi za Serikali, ambazo mizigo yake inapimika na bajeti zake zinajulikana.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi hufanyika miezi mingi kabla. Vipaumbele hutoka kwenye mikutano ya mitaa, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kufika kwenye kamati za kudumu na Baraza la Madiwani katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Mkazi anayehudhuria mkutano wa mtaa wake wakati huo anaweza kuomba mambo manne yaandikwe kwenye muhtasari: safari ngapi za gari zimefanyika kwa mwezi katika mtaa huo, kila safari iligharimu kiasi gani, kaya ngapi zililipa, na eneo lipi limetengwa kwa taka zinazooza. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wasipokuwa na majibu, muhtasari uonyeshe hivyo na upelekwe kwa diwani, ili maswali hayo yamfikie kabla Kamati ya Fedha na Uongozi haijakaa kupitia viwango vya ada vya mwaka unaofuata.