Kipindupindu: sumu iliyoletwa na virusi

Tunapozungumzia kipindupindu, lawama zote humwangukia bakteria Vibrio cholerae. Anastahili, lakini hayuko peke yake. Wapo virusi wanaoshambulia bakteria, waitwao bakteriofaji au kwa kifupi faji, na hao ndio wanaoamua kwa kiasi kikubwa kama bakteria huyu atamdhuru mtu au la. Jambo hili halisemwi vya kutosha, na ndiyo maana dhana potofu juu yake ni nyingi.

Dhana: Kila Vibrio cholerae huleta kipindupindu.

Sivyo. Bakteria hawa wamegawanywa katika makundi zaidi ya 200, na wengi huishi katika maji ya mito na pwani bila kuzusha mlipuko wowote. Makundi yaliyoleta milipuko mikubwa ni mawili tu: O1, na O139 lililozuka India na Bangladesh mwaka 1992.

Dhana: Sumu ya kipindupindu ni mali ya bakteria mwenyewe.

Hata wanasayansi waliamini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1959, mwanasayansi Sambhu Nath De alithibitisha huko Calcutta, India, kwamba bakteria hutoa sumu inayosababisha utumbo umwage maji. Ni sumu kali: mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 ya maji kwa saa. Ila mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu hiyo, ctxA na ctxB, zimo ndani ya faji aitwaye CTXφ.

Faji huyu ana umbo la uzi mwembamba. Hunasa kwenye nyuzinyuzi fupi zilizoota juu ya bakteria, ziitwazo TCP, kisha DNA yake huingia ndani na kujipachika katika kromosomu. Tangu hapo, bakteria akigawanyika, kizazi chake chote hurithi sumu. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba TCP hizo hizo ndizo bakteria anazozihitaji ili akite katika utumbo mdogo wa binadamu. Yaani aliye tayari kukaa tumboni mwetu ndiye aliye tayari kupokea sumu. Katika majaribio ya Waldor na Mekalanos, faji aliambukiza bakteria vizuri zaidi ndani ya utumbo wa panya kuliko katika vyombo vya maabara.

Dhana: Faji akimwingia bakteria, bakteria hufa.

CTXφ hamuui. Hutoka taratibu, bakteria akiendelea kuishi. Wauaji ni wengine, kama ICP1, ICP2 na ICP3, waliopatikana kwenye vinyesi vya wagonjwa nchini Bangladesh.

Dhana: Bakteria aliyemshinda faji huwa hatari zaidi.

Mara nyingi huwa kinyume chake. ICP1 hushika minyororo ya sukari iliyo juu ya bakteria wa O1. Bakteria akiibadilisha ili asishikwe, hupona, lakini uwezo wake wa kukaa utumboni hupungua. Wengine humkwepa ICP2 kwa kuharibu jeni toxR, na jeni hiyo ndiyo inayowasha silaha zao, ikiwemo sumu. Wanaokolewa wakiwa hawana makali.

Si wote wanaolipa gharama hiyo. Baadhi wana vipande vya DNA viitwavyo PLE vinavyozuia ICP1 asizaliane. Naye ICP1 ana jibu: mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi yao wamebeba mfumo wa CRISPR, kinga inayojulikana zaidi kwa bakteria, na wanautumia kukatakata PLE.

Dhana: Faji hawa huambukiza watu.

Hapana. Hawana pa kushika kwenye seli zetu.

Dhana: Faji yeyote anafaa kuwa dawa ya kipindupindu.

Félix d'Herelle, mmoja wa wagunduzi wa faji, alijaribu tiba ya faji nchini India tangu mwaka 1927. Hata hivyo, tiba inayookoa maisha leo ni kurudisha maji na chumvi mwilini haraka, kwa ORS au dripu, pamoja na antibiotiki kwa waliozidiwa. Anayetafuta faji wa kutibu hulazimika kwanza kusoma DNA yake yote, ahakikishe haina jeni za sumu wala uwezo wa kujipachika kwenye kromosomu.