“Daktari, tulilala siku mbili tu”: dhana potofu za wazazi wanaopeleka watoto kijijini

Wikendi ikishapita, hasa zile ndefu za Pasaka na Idi, kliniki yetu hapa Kampala hujaa watoto waliotoka kusalimia bibi na babu. Wengi hawana jambo kubwa: mafua, kikohozi, tumbo lililovurugwa na kila kitu walichopewa na kila shangazi. Hao sina neno nao. Kinachonichosha ni maelezo ya wazazi, yaleyale kila mwaka, yanayotolewa kwa uhakika wa mtu aliyeyasomea. Nimeona niyajibu kwa maandishi, sauti yangu ipumzike.

Dhana: “Amerudi jana kutoka kijijini, leo ana homa. Hiyo ni malaria ya huko.”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mbu akimuuma mtoto Jumamosi usiku kule Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, vimelea anavyomwachia haviendi kuvamia chembe za damu usiku huohuo. Vinakimbilia kwenye ini, na humo vinazaliana kimyakimya kwa muda wa karibu wiki nzima. Wiki hiyo mtoto anakula, anacheza, anagombana na dada yake kama kawaida. Hana homa kwa sababu hakuna chembe nyekundu hata moja iliyokwisha kuguswa. Vikitoka kwenye ini ndipo vinapoingia katika chembe hizo, vinazaliana humo, vinazipasua na kuhamia nyingine, mzunguko wa saa 48 hivi kwa Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo inayoleta sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Uganda. Homa huanza vinapokuwa vingi vya kutosha. Kwa kawaida ni siku 7 hadi 14 tangu kuumwa na mbu, na wakati mwingine huzidi hapo.

Sasa tupige hesabu. Mtoto ameumwa Jumamosi tarehe 4. Akipata malaria ya mbu huyo, ataanza kuchemka kati ya tarehe 11 na 18, au baadaye kidogo. Jumatatu tarehe 6 haimo kabisa. Homa ya Jumatatu mara nyingi ni mafua aliyoambukizwa na binamu zake waliolala godoro moja, au tumbo, au koo, au sikio. Inaweza pia kuwa malaria ya mbu wa kabla ya safari, kwa sababu Kampala nayo ina malaria, ingawa ni kidogo. Ndiyo maana bado nitampima. Kila homa hupimwa. Ninachoomba ni jibu la kipimo liheshimiwe.

Haliheshimiwi. Kipimo kikisema hakuna malaria, baba anaguna: “Daktari, hicho kipimo kimekosea. Huyu katoka Arua jana.” Akitoka kwangu anapitia duka la dawa na kununua dozi ya malaria. Mtoto anameza, na mafua yanaisha baada ya siku tatu kama ambavyo yangeisha hata kwa chai ya tangawizi. Baba anaamini amenishinda.

Hasara yake inaonekana wiki inayofuata. Dozi hiyo ya malaria, ambayo kwa kawaida ni artemetha na lumefantrini, haiui vimelea vilivyomo kwenye ini. Artemetha inaisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini inabaki kwa siku kadhaa lakini inazidi kupungua. Kama kweli mtoto aliumwa na mbu mwenye vimelea ile Jumamosi, vitakapotoka kwenye ini vinaweza kukuta dawa iliyobaki haina nguvu ya kuvimaliza. Homa inakuja, na safari hii ndiyo malaria yenyewe. Wazazi wanasemaje? “Haiwezi kuwa malaria, ametibiwa juzi.” Wanakaa nyumbani siku mbili wakimpa panado na kumkanda kwa maji. Mtoto mdogo hana siku mbili za kupoteza hivyo.

Na wale ambao hawakununua dozi? Homa yao inakuja siku ya kumi au ya kumi na mbili, wakati nguo za safari zimeshafuliwa na safari yenyewe imesahaulika. Ninauliza, “Mama, mmesafiri hivi karibuni?” Ninajibiwa hapana. Kisha mtoto wa miaka minne anainua kichwa mapajani mwa mama yake na kusema, “Tulienda kwa bibi. Kuna mbuzi.” Historia ya ugonjwa nimeipata kwa mgonjwa mwenyewe.

Basi shika hili, na wanaonijua wanajua kwamba sichoki kulirudia: siku mnayorudi, chukua kalamu, andika nyuma ya kadi ya chanjo ya mtoto mlikokwenda na tarehe mliyorudi. Mwambie na yaya, kwa sababu yeye ndiye atakayeigusa homa saa nne asubuhi wewe ukiwa kazini. Kwa mwezi mmoja tangu tarehe hiyo, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, na anayepima aambiwe kuhusu safari. Kama kipimo hakikuona kitu na homa inaendelea, rudi upimwe tena, usijiongezee dawa.

Kuna upande mwingine wa kosa hilohilo. Mtoto ametibiwa vizuri, homa imeisha, lakini mama anataka “kuhakikisha damu imesafika”, anampeleka kupimwa tena kwa kipimo cha haraka, na mstari unatokea. Anaanzishiwa dozi ya pili, mara nyingine ya tatu. Vipimo vya haraka tunavyotumia zaidi nchini vinasoma protini inayoachwa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kama mtoto hana homa, mwache acheze. Kama homa imerudi muda mfupi baada ya dozi, omba damu iangaliwe kwa darubini.

Dalili za kukimbia nazo, saa yoyote ya usiku, ni degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na kulegea mpaka haamki vizuri. Ongeza weupe wa viganja na mkojo wa rangi ya Coca-Cola, ambao wenzetu wa mashariki, upande wa Mbale na Busoga, wanaujua vizuri. Hapo usitafute duka la dawa. Na kama mko bado kijijini, usisubiri mrudi “kwa daktari wetu wa Kampala”. Dawa ya sindano ya artesuneti ipo mikoani kama ilivyo hapa, na malaria kali haisubiri mtu avuke daraja la Karuma kurudi Kampala.

Dhana: “Ni siku mbili tu, neti ya nini?”

Mbu anahitaji usiku mmoja. Ukweli huu mfupi ungetosha, lakini kuna jambo ambalo wazazi hawalifikirii: wenyeji wenu wana neti. Serikali imezigawa bure kwa awamu kadhaa tangu 2013. Zimefungwa vyumbani, juu ya vitanda vya wenye nyumba. Wageni hulala sebuleni, na watoto wa wageni hupangwa na binamu zao kwenye godoro moja au mkeka, chini ya paa ambalo halina hata msumari wa kuning’iniza kitu. Ukimuuliza bibi kama neti zipo, atakuambia zipo, na hasemi uongo.

Kwa hiyo beba ya kwako, na ubebe na kamba. Neti bila kamba ni shuka. Mimi huwaambia watu wachukue mita kumi za kamba ya kuanikia nguo na misumari minne; jiwe la kupigilia watalikuta hukohuko. Neti mpya yenye dawa itandazwe kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumika, ili isiwashe ngozi. Maana yake usiifungue Ijumaa jioni kwenye basi. Na ichomekwe chini ya godoro pande zote. Ukihofia bibi atachukia kwamba umemdharau, mwachie hiyo neti mkiondoka. Sijaona bibi aliyekataa.

Kutoka Kampala kwenda kijijini unabadilisha nchi, kimalaria. Katika utafiti wa kitaifa wa 2018–19, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kwa darubini walikuwa 9% kwa nchi nzima. Kampala na Kigezi, upande wa Kabale, hawakufika 1%, West Nile, upande wa Arua na Koboko, walipita 20%, na Karamoja, kaskazini mashariki, walikuwa 34%. Anayekwenda Kabale kwenye baridi hana safari moja na anayekwenda Arua, ingawa wote wanasema “tunakwenda kijijini”.

Dhana: “Binamu zake wanalala bila neti na hawaugui. Damu yetu ni moja.”

Wanaugua. Wengine wameshazikwa, hamtajiwi tu wakati wa chakula. Waliovuka miaka mitano na kuumwa mara nyingi wamejenga kinga kiasi, ambayo inapunguza makali bila kuzuia maambukizi. Kinga hiyo hairithiwi kwa ukoo. Mtoto aliyekulia Ntinda hapa Kampala hana, na wewe mwenyewe uliyeondoka kijijini zamani, yako imeshapungua. Mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi: vidonge vyake vya kila siku visisahaulike nyumbani.

Dhana: “Amepata chanjo ya malaria.”

Vizuri sana, na neti ni palepale. Chanjo ya R21 iliingizwa kwenye ratiba mwezi Aprili 2025, ikizinduliwa Apac, kwa dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Inapunguza malaria, haiifuti. Na wengi wanaonitajia chanjo hii hawajafikisha ile ya mwezi wa 18.

Dhana: “Malaria yake imeletwa na maembe.”

Hapana. Mvua zinaleta mbu, na maembe yanaiva karibu na majira hayohayo. Yaosheni, muyale.

Dhana: “Mpe Piriton kidogo alale njiani.”

Hapa nakasirika kidogo. Kampala hadi Arua ni kilomita karibu 500, najua, na mtoto anayelia ndani ya basi anakupa aibu. Lakini dawa za mzio si dawa za usingizi wa safari. Kwa mtoto mdogo dozi ya kukisia inaweza kumlewesha kupita kiasi, wengine inawachangamsha badala ya kuwalaza, na promethazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji. Kwa anayetapika safarini, mpe chakula chepesi kidogo kabla ya kuondoka, mkae viti vya mbele lakini si kando ya dereva, atazame mbele nje na asishikishwe simu. Kumfunga njaa hakusaidii, atatapika nyongo.

Dhana: “Nimempakata, yuko salama.”

Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto wa kilo 10 anakuponyoka kwa nguvu inayofanana na mzigo wa kilo 200 hivi. Hakuna mikono ya kumzuia. Mkanda mmoja uliowazunguka mama na mtoto ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana. Mwenye gari lake anunue kiti cha mtoto kabla ya kununua redio. Wa teksi na mabasi hawana kiti hicho, hilo nalijua. Angalau msikae karibu na dereva kwa mbele, na msisafiri usiku kama mna uchaguzi.

Dhana: “Joto kali, mpe kichanga maji.”

Chini ya miezi sita, maziwa ya mama ndiyo maji. Jua likiwaka, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama unywe. Bibi akija na kikombe, mpokee kwa heshima, ukinywe wewe.

Dhana: “Homa na kuhara kunaletwa na meno mabaya, yatolewe.”

Kila mwaka kuna jamaa mwenye busara anayemfunua kichanga mdomo, akaona vivimbe vyeupe kwenye fizi na kutangaza kwamba ni ebinyo, yaani hayo meno mabaya. Hivyo vivimbe ni meno ya utotoni yanayojiandaa kutoka. Wanaovichimbua hutumia spoku ya baiskeli, kisu, wembe, chochote. Mtoto anapoteza damu, anaingiwa na maambukizi kinywani, pengine pepopunda, na akipona anaweza kuota meno ya kudumu yaliyopinda au asiote kabisa. Kuhara kwake kulitaka ORS na zinki, na homa yake ilitaka kupimwa. Usimwachie mtu kichanga mwenye homa ukaenda sokoni, hata kama ni mama mkwe. Nimeshaambiwa kwamba ninavunja undugu kwa kusema hivi. Sawa.

Dhana: “Ziwa ni kubwa, maji yanatembea, hakuna kichocho.”

Konokono wanaobeba kichocho cha tumbo wanakaa ufukweni kwenye majani, palepale watoto wanapochezea, katika ziwa Victoria, Albert, Kyoga na kando ya Nile. Taulo halitoshi na sabuni haitoshi. Aliyeingia majini aletwe baada ya wiki sita hadi nane apimwe choo. Kabla ya hapo mara nyingi mayai ya kichocho hayajaanza kuonekana, na mtaniambia tena kwamba kipimo kimekosea.