Programu ya afya ya akili kazini: ya kuamini na ya kutilia shaka

Tangu kipindi cha korona, waajiri wengi wamekuwa wakiwalipia wafanyakazi programu za simu za afya ya akili. Ziko za kufundisha kupumua na kutafakari, za kuandika hisia za siku, za kupiga soga na roboti, yaani programu inayokujibu yenyewe, na za kukuunganisha na mnasihi kwa video. Muuzaji akiingia ofisini kwa meneja huanza na takwimu ya Shirika la Afya Duniani: kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara ya dola trilioni moja. Takwimu hiyo ni ya kweli. Ila kutoka hapo hadi "kwa hiyo nunueni programu yetu" pana safari ndefu, na njiani zimezaliwa dhana nyingi potofu, kwa mabosi na kwa wafanyakazi vilevile.

"Wape programu, watakuwa sawa"

Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki mipango ya ustawi inayomlenga mtu mmoja mmoja, yaani programu za simu, kozi za kudhibiti msongo, mafunzo ya ustahimilivu na kutafakari, na wenzao wasioshiriki. Hakuona tofauti ya maana. Kilichoonekana kusaidia kidogo ni nafasi ya kufanya kazi za kujitolea, basi. Utafiti huo una mipaka yake: watu waliulizwa mara moja tu, hawakufuatiliwa, na huenda waliojiunga ndio waliokuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo, bosi aliyetumia pesa nyingi akitarajia maajabu anapaswa kuusoma.

Sababu haijifichi. Msongo wa kazini una chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho hakiko kichwani mwa mfanyakazi. Mchukue binti wa huduma kwa wateja. Simu inayofuata inaingia kabla hajamaliza kuandika malalamiko ya aliyetangulia. Akienda msalani, kompyuta inahesabu dakika. Ratiba ya zamu inatumwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na kesho yake anatakiwa kituoni alfajiri. Mshahara wa mwezi uliopita umeingia tarehe 11, mwenye nyumba keshapiga simu mara mbili. Mwambie avute pumzi kwa sekunde nne na kuitoa kwa sita. Atatulia kidogo, ni kweli, kisha simu nyingine italia. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 kuhusu afya ya akili kazini inaanza na mabadiliko katika kazi yenyewe, ikafuata na kuwafundisha mameneja, na msaada wa mtu binafsi ukaja baadaye. Waajiri wengi huusoma mpangilio huo kinyumenyume, kwa sababu leseni ya programu ni rahisi kununua kuliko kuongeza watu kwenye zamu.

Mfano mkali kuliko yote uko Nairobi. Mwishoni mwa 2024, ripoti za kitabibu zilizowasilishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi zilionyesha kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook walikutwa na maradhi ya akili yanayofuata kiwewe. Kazi yao ilikuwa kutazama video za mauaji, ubakaji na ukatili dhidi ya watoto, saa nane hadi kumi kwa siku, ili sisi tusizione. Sitaki kuihukumu kesi yao kabla ya majaji. Lakini kazi ya namna hiyo ukiipunguzia saa na watu wakaifanya kwa kupokezana, utakuwa umefanya jambo ambalo hakuna programu ya kutafakari inayoliweza.

"Ni siri kabisa, kazini hawaoni kitu"

Nusu ya maneno haya ni kweli. Kwa kawaida mwajiri hapewi maandishi yako. Hupewa muhtasari: wangapi wamejiandikisha, wangapi wamezungumza na mnasihi, mada gani zimetajwa sana. Katika kampuni ya watu elfu mbili, muhtasari huo haumfichui mtu. Katika idara ya uhasibu yenye watu sita hali ni nyingine. Ripoti ikisema wawili wa uhasibu wametafuta msaada wa kulala na mmoja wa ulevi, hutahitaji jina. Chai ya saa nne itamaliza kazi iliyobaki. Watoa huduma makini huweka kiwango cha chini cha watu, wakiwa pungufu ya hapo ripoti ya kundi haitoki. Uliza kiwango hicho ni kipi. Uliza pia kama unaweza kujisajili kwa barua pepe yako binafsi na simu yako mwenyewe, kwa sababu simu ya ofisi huwa na macho mengi ya idara ya TEHAMA.

Halafu kuna wanaotazama kutoka nje. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni kubwa ya unasihi wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8, kwa madai kwamba taarifa za wateja, pamoja na barua pepe zao na majibu ya maswali ya afya, zilipelekwa Facebook, Snapchat na kwingineko kwa ajili ya matangazo baada ya wateja kuahidiwa siri. Finland ilipata pigo baya zaidi. Mdukuzi aliiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo, na mwaka 2020 wagonjwa wakaanza kupokea ujumbe mmoja mmoja: lipa, au maneno uliyomwambia mtabibu wako yatawekwa hadharani. Walioathirika walikuwa kama 33,000.

Sheria zetu zipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, pamoja na tume yake. Zote zinazungumzia ridhaa. Hapo ndipo penye utata: ridhaa ya mtu anayeombwa na yule anayemlipa mshahara ina uhuru kiasi gani? Ni rahisi kumkumbusha mfanyakazi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu ana sababu zake za kuficha.

"Roboti ni mnasihi wa bei nafuu"

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alionyesha ELIZA, programu iliyorudisha maneno ya mtu kwa sura ya swali. Haikuelewa chochote. Bado katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Tunaambatana na chochote kinachoonekana kutusikiliza, na roboti za leo ni mahiri mara nyingi zaidi. Umahiri huo haumaanishi kwamba zinabeba dhamana. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani la kusaidia wenye matatizo ya ulaji lililazimika kuizima roboti yake, Tessa, baada ya kuonekana ikitoa ushauri wa kupunguza uzito. Woebot, mojawapo ya roboti zilizofanyiwa utafiti zaidi, ilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Waliokuwa wameizoea walibaki bila wa kusema naye. Mnasihi naye huacha kazi, lakini huaga na kukuelekeza kwa mwenzake.

Roboti inafaa kwa mazoezi na kumbukumbu. Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru anahitaji binadamu, siku hiyohiyo. Kenya ipo namba ya bure 1199 ya Msalaba Mwekundu.

"Programu imenipa alama 14, basi nina sonona"

Programu nyingi hutumia dodoso la PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Kuanzia 10 unashauriwa umwone mtaalamu. Ni mlango wa kupimwa vizuri, si hukumu. Uchovu, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula huweza kuletwa na tezi ya shingo, upungufu wa damu, ujauzito, au mtoto mchanga nyumbani.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukweli wa jibu unategemea sana mtu anaogopa nini. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Tanzania bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Usitegemee kila mtu ataweka alama ya kweli hapo kwenye programu iliyoletwa na ofisi.

"Kama ni hivyo, ni upuuzi mtupu"

Hapana. Uchambuzi wa majaribio 176 uliochapishwa 2024 ulikuta programu hizi zinapunguza dalili za sonona na wasiwasi, kidogo, lakini kweli. Upande wa usingizi ushahidi una nguvu zaidi: mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilipendekeza programu ya Sleepio badala ya vidonge vya usingizi kwa watu wengi wasiolala vizuri. Shida ni kwamba watu hawadumu. Uchunguzi wa 2019 wa programu 93 za afya ya akili ulikuta baada ya siku 30 ni kama asilimia 3.3 tu ya waliozipakua walikuwa bado wanazifungua. Idadi ya waliojiandikisha, ambayo mameneja hupenda kuionyesha kwenye kikao, haisemi lolote kuhusu hilo.

"Ukishakuwa na programu, likizo ya nini?"

Programu haifuti haki. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Tanzania ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Maradhi ya akili ni maradhi. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari anayetambulika, na picha ya skrini yenye alama 14 haihesabiki kuwa cheti.